Masika yupi? Namna ya kuchunga data za kikundi ndani ya ordinatere ya nyumbani



Leo naandika juu ya kazi moja ambayo wengi wetu tunayo bila kuiomba. Ukisha kupata diplome yako, familia na mtaa wanakuona kuwa sekretere wao. Kikundi cha akiba cha wamama, kwaya, mutuelle ya familia kwa ajili ya harusi na misiba, wote wanakuja na kaye mkononi: "Mutoto yetu, weye ulisoma, na uko na mashini ku nyumba. Utuchungie hii." Huwezi kukataa. Na tangu siku ile, pesa za watu ziko mikononi mwako, hata kama hujagusa noti hata moja, juu wewe njo unachunga maandiko yake.

Mimi nachunga daftari la AVEC moja ya hapa Butembo, memba 25, wengi wao ni wamama wa soko. Kwa wale wasiojua, AVEC ni kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Memba wanakutana kila wiki, kila mmoja ananunua hisa 1 mpaka 5, pesa zinaingia katika kasha lenye kufuli tatu, na funguo zinabebwa na watu watatu mbalimbali. Memba anapigiwa muhuri katika karne yake. Anayehitaji anakopa na kurudisha na faida kidogo. Mwisho wa mzunguko, miezi 9 mpaka 12, kasha linafunguliwa na kila mtu anapewa kulingana na hisa zake. Hapo njo utajua kama daftari lako lilikuwa sawa ao hapana.

Wengi wanaanza na Excel. Si mbaya. Lakini Excel ni karatasi kubwa yenye mistari, inakubali chochote unachoandika, na mstari mmoja ukipangwa vibaya, jina linabaki na pesa zinahamia kwa jirani. Programu ya kuchunga data, kama Access ya Microsoft ao Base ya LibreOffice (hii ya pili ni ya bure), inafanya kazi kwa njia ingine: inagawa habari katika tablo mbalimbali na kuziunganisha kwa namba. Wazo hilo si la jana. Mwingereza mmoja, Edgar F. Codd, aliyekuwa anafanya kazi IBM, aliliandika mwaka 1970. Mpaka leo benki nyingi za dunia zinatembea juu yake. Hakuna sababu lisitembeze kasha la wamama 25.

Ninawapa hapa mambo saba ambayo nimeona yanasaidia kweli huku kwetu.

1. Jina si namba

Hili ni la kwanza, na kwetu sisi Wanande ni zito kuliko kwa wengine. Munajua desturi yetu: jina linafuata namna mtoto alivyozaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku ao Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Kwa wasichana tuko na Masika, Kahindo, Kavira, Katungu, Kahambu, na wengine. Maana yake, karibu kila nyumba yenye wavulana wawili iko na Kambale. Ni desturi nzuri, ukisikia jina unajua mahali pa mtu katika familia yake. Lakini kwa ordinatere ni mtego.

Katika AVEC yetu tuko na Masika watatu. Wawili kati yao wana jina la ubatizo moja. Ongeza tena namna ya kuandika: mmoja anaandika Kyakimwa, mwengine anaandika Kyakimua. Wewe unajua ni mtu mmoja, ila mashini inaona watu wawili.

Angalia hesabu hii ya mfano. Tuseme mwisho wa mzunguko kasha liko na 4.200.000 FC na hisa zote ni 1.500. Kila hisa inapata 2.800 FC. Masika mmoja iko na hisa 96, atapata 268.800 FC. Masika mwengine iko na hisa 69, atapata 193.200 FC. Ukichanganya hao wawili, mama mmoja anapoteza 75.600 FC, na mwengine anapewa pesa ambazo hakuweka. Kwa anayeuza sombe na nyanya, hiyo ni mtaji wake wote. Na kikundi kikisha kugombana siku ya kugawana, mara nyingi hakianzi tena.

Dawa yake: kila memba apewe namba yake siku anapoingia, na namba hiyo isibadilike kamwe. Ndani ya Access, chagua aina ya NuméroAuto, mashini yenyewe itatoa namba. Memba akiondoka, namba yake haipewi mtu mwengine. Usitumie namba ya telefone badala yake: watu wanabadilisha SIM, na mama wengi wanatumia telefone ya mtoto wao. Tarehe ya kuzaliwa pia hapana, wazee wengi hawaijui. Andika namba ya memba juu ya karne yake kwa bic, kubwa, ili yeye mwenyewe aizoee. Kwetu leo wamama wanajiita wenyewe: "Miye ni kumi na ine."

Na hili si jambo la pesa tu. Wakati wa Ebola, tangu 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020, watu zaidi ya 3.400 waliugua na 2.287 walikufa, na Beni na Butembo zilikuwa katikati ya mateso hayo. Kila aliyemkaribia mgonjwa alipashwa kufuatwa kwa siku 21. Fikiri orodha ya mtaa mmoja yenye akina Kambale kumi. Kama huna njia ya kujua ni Kambale yupi aliyemgusa mgonjwa, unafuata asiyehusika na unamwacha mwenye hatari.

2. Kila jambo liandikwe mahali pamoja tu

Wapya wanaweka kila kitu katika tablo moja: jina, telefone, mtaa, hisa za wiki ya 1, hisa za wiki ya 2, mpaka upana unatoka nje ya ekra. Usifanye hivyo. Kwa AVEC, tablo nne zinatosha:

Memba: namba, jina, jina la ubatizo, mtaa, telefone, tarehe aliyoingia.

Mikutano: namba ya mkutano, tarehe, bei ya hisa.

Hisa: namba ya mkutano, namba ya memba, hisa ngapi alinunua.

Mikopo: namba ya memba, tarehe, kiasi, aina ya pesa, aliyorudisha na lini.

Sasa Masika wa 14 akinunua hisa 3 katika mkutano wa 9, unaandika mstari mfupi kabisa: 9, 14, 3. Jina lake hauliandiki tena. Akihama kutoka mtaa mmoja kwenda mwengine, unabadilisha mahali pamoja, na kila kitu kinafuata. Memba 25 kwa wiki 52 ni mistari 1.300 kwa mwaka. Access inaweza kubeba fishie ya mpaka giga 2, kwa hiyo hata ordinatere ya okazio ya zamani itaweza bila kuchoka.

Tena usiandike jumla ndani ya tablo. Jumla ya hisa za mtu ni jibu la swali, na jibu linahesabiwa kila mara unapouliza. Ndani ya Access swali hilo linaitwa Requête. Unalitengeneza mara moja, unalihifadhi, na kila wiki linakupa hesabu mpya. Ukiandika jumla kwa mkono, utasahihisha hisa ya wiki ya 5 na utasahau kusahihisha jumla, kisha utakuwa na namba mbili zinazopigana na hutajua ipi ni ya kweli.

3. Pesa iandikwe na aina yake

Huku kwetu tunauza kwa faranga, tunakopa kwa dola, na anayetoka Kasindi anakuja na shilingi za Uganda mfukoni. Namba 50 peke yake haina maana. Ni dola 50? Ni 50.000 FC iliyofupishwa? Kwa hiyo kila kiasi kiwe na nafasi mbili: ngapi, na aina gani (FC, USD). Kama pesa ilibadilishwa siku ile, ongeza nafasi ya tatu: bei ya dola siku ile.

Mfano: tuseme memba alikopa dola 50 wakati dola moja ilikuwa 2.800 FC, ni kusema 140.000 FC. Anarudisha wakati dola imeshuka mpaka 2.300 FC. Kama deni liliandikwa kwa dola, ataleta 115.000 FC na amemaliza, bila kuhesabu faida. Kama liliandikwa kwa faranga, anapashwa kuleta 140.000 FC. Tofauti ni 25.000 FC, na kila upande utaona uko na haki. Mashini haiwezi kuamua. Lakini kama iliandikwa wazi tangu siku ya kwanza, hakuna wa kugombana naye.

4. Usifute, sahihisha kwa mstari mpya

Memba akija kusema "Ile wiki niliweka hisa 4, si 2", na karne yake inaonyesha hivyo, usiende kubadilisha mstari wa zamani kimya kimya. Ongeza mstari mpya wenye hisa 2, na katika nafasi ya maelezo andika: masahihisho ya mkutano wa 6, mbele ya prezida, tarehe fulani. Wahasibu wanafanya hivyo tangu wakati wa vitabu vya karatasi, juu mstari uliofutwa hauwezi kukutetea. Siku mtu akiuliza "nani alibadilisha?", daftari lenyewe litajibu.

5. Umeme unaweza kukatika sasa hivi

Delestaje haibishi hodi. Uwe na laini, uwe na panneau ya jua ao groupe, iko siku moto utakatika ukiwa katikati ya kuandika. Hapo ujue programu yako inafanya nini. Access inahifadhi mstari wakati unapotoka juu yake kwenda mstari mwengine, kwa hiyo unaweza kupoteza mstari mmoja tu. Lakini moto ukikatika wakati ule ule inapoandika, fishie nzima inaweza kuharibika. LibreOffice Base, kama unaitumia kwa njia ya kawaida, haiweki kazi yako salama ndani ya fishie mpaka ubonyeze Enregistrer katika dirisha lake kubwa. Wengi hawajui hilo, wanafunga formulere tu na kufikiri imeisha. Kwa hiyo kila kisha mistari mitano ao sita, bonyeza.

Kama uko na ordinatere ya mezani bila ondulere, usiingize data usiku wakati umeme unacheza-cheza. Andika kwanza katika kaye, utaingiza kesho yake. Ordinatere ndogo yenye batri nzuri inafaa zaidi kwa kazi hii.

Mara moja kwa mwezi, fanya kupunguza fishie. Ndani ya Access ni Outils de base de données, kisha Compacter une base de données. Mistari iliyofutwa na kazi za muda zinaacha nafasi tupu, na fishie inanenepa bure. Kupunguza kunarudisha nafasi hiyo na kunasahihisha makosa madogo. Lakini usikufanye bila kutoa kopi kwanza.

6. Kopi zikae mahali mbalimbali

Kopi iliyo katika ordinatere ile ile si kopi. Mashini ikiibiwa ao nyumba ikiungua, vyote vinaenda pamoja. Na sisi wa eneo hili hatuhitaji kufundishwa maana ya kuacha nyumba ghafla. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, mauaji katika eneo la Beni yamekimbiza familia nyingi, wengine wakitoka usiku na watoto mgongoni tu. Hakuna atakayerudi kubeba ordinatere. Lakini akiba ya wale watu 25 ingali akiba yao, hata wakiwa wametawanyika.

Njia yangu ni hii. Kila kisha mkutano natoa kopi na kuipa jina lenye tarehe, mwaka mbele: avec_2025-03-14. Hivyo zinajipanga zenyewe kwa utaratibu. Kopi moja iko juu ya flashi ndogo inayokaa nyumbani kwa prezida, mtaa mwengine. Kopi ya pili najitumia mwenyewe kwa barua pepe, nikiwa na mega. Fishie yetu ni ndogo, haili mega nyingi. Kopi ya tatu iko katika telefone yangu: Access haifunguki kwenye telefone, lakini fishie inabebwa mfukoni kama nyingine. Pamoja nayo naweka PDF ya hesabu za mwisho, hiyo inasomeka popote.

Na mara kwa mara fungua kopi moja juu ya mashini ingine, uone kama inafunguka kweli. Kopi ambayo haijafunguliwa hata siku moja ni matumaini tu.

Muangalie pia flashi. Ukienda kuchapisha kwenye sekretaria ya barabarani, flashi yako inaingia katika mashini iliyopokea flashi za muji mzima. Unarudi na virusi, mafishie yote yamegeuka njia za mkato. Kwa hiyo fishie yenyewe isitoke nyumbani. Peleka PDF tu, juu ya flashi ingine.

7. Orodha ya pesa ni siri ya watu

Hapa nasema kwa uzito. Ndani ya daftari hilo kuna majina, mitaa, telefone, na nani iko na pesa ngapi. Katika muji ambapo watu wanavamiwa usiku, karatasi ya namna hiyo ikianguka mikononi mwa wabaya ni ramani ya nyumba za kuvamia. Weka neno la siri. Ndani ya Access: Fichier, Informations, Chiffrer avec mot de passe (itakuomba kwanza ufungue fishie kwa njia ya Exclusif). Usitume orodha nzima katika grupu ya WhatsApp. Kila memba aone hesabu yake mwenyewe, na kikundi kione jumla ya kasha. Mtaa wa mtu, kama hauna lazima nao, usiuandike kabisa. Data ambayo haukuandika, hakuna atakayeiiba.

Lakini neno la siri linalojulikana na mtu mmoja ni hatari ingine. Wewe unaweza kuugua, kusafiri, kufa. Neno hilo liandike juu ya karatasi, liweke katika bahasha iliyofungwa na kusainiwa, na bahasha ikae ndani ya kasha la kufuli tatu. Hivyo haifunguliwi bila watu watatu kujua.

Basi, je, kaye itupwe?

Hapana. Kaye ya kikundi na karne za memba zinabaki. Ordinatere yako inasaidia kuhesabu haraka na kugundua makosa, lakini mama asiyejua kusoma ekra anajua kuhesabu mihuri yake. Yakitofautiana, karne na kaye vinaangaliwa kwanza, mbele ya wote. Kila mwanzo wa mkutano mimi nasoma jumla ya wiki iliyopita kwa sauti, kwa namba ya memba, na kila mmoja anafuata katika karne yake. Dakika kumi tu. Mara nyingi ni wao wanaonionyesha pa kusahihisha, mapema, wakati bado ni hisa moja na si mzunguko mzima.

Kwa wale ambao tayari wanachunga kitu nyumbani, wiki hii mufanye mambo matatu: mumpe kila mtu namba yake, mutoe kopi moja ikalale nyumba ingine, na mufunge fishie kwa neno la siri. Hayo hayaombi pesa, yanaomba jioni moja yenye umeme. Mengine mutayaongeza polepole.

Masomo yetu yalilipwa kwa kahawa, kwa kakao, kwa maharagi, na kwa akiba za wamama kama hawa. Tukiwachungia hesabu zao vizuri, tunawarudishia kidogo.